Bata wa Shangazi Tekla

Ifakara, Jumamosi mchana

Mwanangu Oliva,

Salamu sikuandikii. Asubuhi umeniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, wewe hukunitazama usoni na mimi nikajifanya natafuta jembe. Kwa hiyo mambo ya hali tuyaache. Yako naijua na yangu unaijua.

Kesho unapanda treni kwenda Mang'ula kwa mumeo, na mjukuu wangu Deo mgongoni. Sasa hivi umeenda parokiani kuwaaga akina mama wa kwaya, na mimi nimebaki jikoni juu ya kigoda, nimeweka kibao cha chapati magotini ndio meza yangu. Barua hii nitaitia katikati ya nepi za mtoto, maana huo ndio mfuko utakaoufungua wa kwanza. Ya kufunga mizigo, ya kuangalia wezi stesheni, ya kuishi na mume, hayo umeshaambiwa na nusu ya mtaa. Mimi nina jambo moja tu, nalo linanichoma.

Juzi uliporudi kutoka kuitazama nyumba yenu huko Mang'ula, ambako ulilala kwa shangazi yako Tekla, ulinikuta hapa hapa nachuja maziwa ya soya ya Deo. Ukasimama mlangoni, hukuvua hata viatu. Ukaniambia, "Baba, hiyo soya usinifungie. Nikienda kibaruani Deo atabaki kwa Shangazi, atakunywa anachompa Shangazi."

Nikauliza, "Anampa nini?"

"Maji ya mchele yenye sukari, na tui la nazi. Ndiyo aliyonilea nayo mimi." Halafu ukashusha sauti. "Shangazi ameniambia yote, Baba. Ameniambia nilivyovimba nikiwa mdogo. Kwamba ulikuwa unanilisha chakula cha nguruwe. Na kwamba huko shamba hukujitunza. Yeye ndiye aliyeniokoa."

Nilikamua kile kitambaa mpaka kikakauka, nikaendelea kukikamua. Wewe ukadhani nimenyamaza kwa sababu ni kweli. Nilikuona ulivyodhani.

Hukujitunza. Umelitamka neno hilo mbele ya baba yako kama mtu anayesoma tangazo. Wewe umezaliwa hapa, unajua maana yake. Watu wetu wakimwona mtoto amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa, yaani baba au mama ametembea nje, akarudi akamshika mtoto na uchafu wake. Neno hilo nimelibeba tangu ukiwa hujaota meno ya nyuma. Nilijua kila mtu wa mtaa huu analo. Sikujua kwamba na wewe utakuja kulipokea, tena kutoka kwa yule ambaye kwa ajili yake nililibeba.

Sasa sikiliza, maana mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nimezeeka.

Mama yako alifariki ukiwa ndio kwanza unasimama dede. Ulikuwa bado unanyonya. Siku ile ile ya mazishi ulikuwa unavuta khanga za kila mwanamke aliyekubeba, unatafuta ziwa. Nikakutafutia maziwa ya ng'ombe. Siku hizo hayakuwa rahisi kama sasa, Wasukuma walikuwa bado hawajaingia bondeni na mifugo yao, hakuna aliyepita asubuhi na baiskeli na dumu la maziwa. Nilipoyapata, yalikukataa. Ulitapika, ukaharisha, mwili ukatoka vipele. Vile vile kama Deo. Hiyo umempa wewe, wala si mumeo.

Sista wa kliniki ndiye aliyenipa mfuko wa soya. Akaniambia nisiishie kwenye maziwa tu, nikupe na uji wenye karanga, na samaki aliyepondwa, na mayai nikipata. Nikarudi nyumbani na ule mfuko kwapani kama mtu aliyeiba. Unajua kwa nini? Kwa sababu wakati ule soya hapa kwetu tuliiona sehemu moja tu, kwenye mabanda ya nguruwe wa misheni. Mtu akikuona unachambua soya alikuuliza, "Umepata kibarua cha mabanda?" Mwanamume mzima, mjane, nimekaa uani natwanga chakula cha nguruwe nimpe mtoto. Walicheka mpaka wakachoka, na mimi nikaendelea kutwanga.

Nayo soya si kitu cha kupika umeelekeza macho barabarani. Unailoweka usiku kucha, unaifikicha maganda yaondoke, unatwanga, unachuja, ndipo unabandika. Na ikishika moto tu, povu linapanda mpaka ukingoni, unasema imechemka. Haijachemka. Siku za kwanza nilikuwa naona povu naipua haraka, na wewe ukaumwa tumbo, nikailaani soya na sista na siku niliyozaliwa. Kumbe unapunguza moto, unakoroga, unaliacha lile povu lishuke, ndipo maziwa yenyewe yaanze kuchemka kwa chini, na hapo ndipo unasubiri hasa, mpaka ile harufu ya maharage mabichi iishe. Nilipojua hivyo, tumbo lako likatulia. Ulinenepa. Ulianza kutembea ukinifuata na kikombe mkononi.

Ukaja wakati wa mpunga kutoa masuke. Unajua ndege wa bonde hili. Ukiacha shamba alfajiri moja tu, unakuta mabua. Shamba letu lilikuwa upande wa Michenga, chini kabisa, ambako mtu akihamia kuamia ndege wasile mpunga hatoki dunguni mpaka avune. Kukupeleka kwenye mbu na maji yale sikuthubutu. Ndipo nikamwita dada yangu Tekla aje akae nawe hapa nyumbani. Alikuwa msichana, mcheshi, anaimba jikoni. Ulimpenda, na mimi sikatai, alikupenda. Nikamwachia debe la soya limejaa. Nikamwonyesha kila kitu, povu na yote. Nikamwambia, "Tekla, mtoto huyu hana mama. Hili ndilo ziwa lake."

Akasema, "Kaka, nenda kavune. Mimi si mtoto."

Nikaenda. Nilikaa juu ya dungu nikipiga debe na kurusha udongo kwa kombeo, nikila wali na kambale, na kila jioni nikisema moyoni, sasa hivi Oliva anakunywa. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu shambani. Wanawake wa kutembea nao ningewatoa wapi, kwenye matope yale? Hata mbu walikuwa wamenikinai.

Nilirudi na gunia la kwanza kwenye baiskeli. Tekla akanipokea kwa vigelegele, akachinja bata. Oliva, sijapata kula bata kama yule. Mafuta yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikamsifu. Nikasema, "Tekla, bata wako wamenona." Halafu nikakutazama, umekaa pembeni juu ya jamvi, mashavu yamejaa, miguu imejaa. Nikasema tena, "Na mtoto naye amenenepa." Nilikuwa nimeshika paja la bata. Nilifurahi kabisa.

Tekla akacheka, akaniongezea mchuzi.

Kilichonishtua ni kwamba hukunikimbilia. Nilikuita, ukanitazama tu kama mtu aliyechoka sana. Nikanawa mikono nikakunyanyua, nikaona nywele zako ni nyepesi, zina rangi ya majani makavu. Nikakubonyeza mguu kwa kidole gumba. Kidole kikazama, nikakitoa, shimo likabaki pale pale. Lile shimo bado naliona nikifumba macho. Nikakufunga mgongoni mwangu, mimi mwanamume, kwa khanga ya marehemu mama yako, nikakupeleka hospitali. Daktari hakuhitaji muda. Akasema ni kwashakoo, mtoto amekosa chakula cha kujenga mwili.

Nikabisha. Nikamwambia, "Anakunywa soya kila siku." Akanitazama hivi, kama anavyotazamwa mtu anayesema uongo.

Kesho yake nikarudi nyumbani kukupikia maziwa ya kukuletea wodini. Nikachukua lile debe. Soya ilikuwa imebaki kidogo tu chini, na Mungu anisamehe, nilifurahi, nikasema basi amekunywa kweli, ugonjwa ni mwingine. Nikalitikisa ili zile chembe za chini zije mkononi. Zikalia ndani ya bati.

Bata wote wakaja mbio.

Walitoka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, huku wanapiga mabawa, wakanizunguka miguuni, shingo juu, wananitazama mikono. Mmoja akanidonoa kidole cha mguu. Nikalitikisa debe tena, na wale waliokuwa wamechelewa nao wakaja. Nikabaki nimesimama katikati yao. Halafu nikakumbuka nilichokula jana yake, nikaenda nyuma ya choo nikatapika.

Tekla hakukana. Hilo nalisema, siku ile hakukana. Alilia, akasema, "Kupika nilipika, Kaka. Ulisema nipike nikapika. Lakini ningempaje mtoto wa marehemu wifi chakula cha nguruwe, watu wananiona? Nilikuwa nampa maji ya mchele. Ni meupe vile vile, na anayapenda." Alikuwa anachemsha soya nzima nzima, anawaita bata kwa kutikisa debe, anawamwagia, anakuchujia wewe maji ya mchele, anatia sukari. Na samaki hakukupa, aliogopa miiba. Wewe ukanyamaza kwa utamu, yeye akaona amelea.

Hilo nililisamehe, niamini. Msichana aliona aibu, na aibu ile niliijua, nilikuwa nimebeba ule mfuko kwapani mimi mwenyewe. Sisi wa bonde hili mchele ndio heshima yetu. Tukiona kitu cheupe tunadhani kimeshiba.

Lakini ulipokuwa wodini, watu wakaanza kuuliza mtoto ana nini. Tekla akawa amekaa kisimani na wenzake, mmoja akasema huyo atakuwa amebemendwa, baba yake alikuwa shamba peke yake muda wote. Na Tekla akainama akaendelea kuchota maji. Baadaye akaona kuinama hakutoshi, akasema, "Kaka yangu ni mwanamume kama wengine." Nililetewa maneno hayo yakiwa bado ya moto.

Nikamfuata, mkono umenyanyuka. Akapiga magoti. Akaniambia, "Kaka, watu wa Mang'ula wameleta posa. Wakisikia nilitaka kuua mtoto kwa njaa, nani atanioa? Wewe umeshaoa, umeshazaa. Nibebee."

Nikambebea. Mkono nikaushusha, nikambebea. Nikakaa kanisani viti vya nyuma huku watu wakinionyesha kwa kidevu. Kila nilipopeleka mshenga kwa mwanamke, jibu lilikuwa lile lile, mtoto wetu hatumpi mtu wa namna hiyo. Umewahi kujiuliza kwa nini hukupata mama wa kambo? Ulidhani nilikuwa namlilia mama yako tu. Nilimlilia, ndiyo, lakini pia nilikataliwa. Na harusi ya Tekla nilisimama mimi, nikamkabidhi mimi, nimevaa koti la kuazima. Akanishika mkono akasema sitakusahau. Kweli hakunisahau. Asante ya punda ni mateke.

Wewe uliniuliza utotoni kwa nini tunapika soya kila siku, na mimi nikakwambia ni nzuri tu. Nilidhani ukiona nimekuketisha hapa jikoni miaka yote ile, nakuchujia, utajua ni nani aliyekulea. Kumbe mtu huamini aliyesema, hamwamini aliyenyamaza. Hilo nimejifunza juzi, nikiwa nakamua kitambaa kikavu. Nina hasira na Tekla, na sitakudanganya, nina hasira na wewe pia. Ungeniuliza, "Baba, ni kweli?" Maneno matatu. Ningekupa barua hii yote kwa mdomo.

Basi. Ya Tekla na mimi ni ya Tekla na mimi. Lakini Deo hamdai mtu chochote, na yeye ndiye atakayebaki naye wewe ukiwa kibaruani.

Kwa hiyo nitakwambia ninachokijua kuhusu maziwa haya ya mimea, halafu uamue, maana wewe ndiye mama. Ziwa lako kwanza, mpe asubuhi na jioni mpaka mwenyewe alichoke, usisikilize wanaosema amekuwa mkubwa. Maji ya mchele ni maji. Yanatuliza kiu, yanafaa tumbo likiharibika, lakini mtoto hawezi kujengwa nayo hata yakiwa meupe kama altare. Tui la nazi ni tamu na lina mafuta, litie kwenye mboga, litie kwenye wali, ale, afurahi. Usilifanye maziwa yake. Maziwa ya karanga ni mazuri, ila chambua karanga moja moja, iliyonyauka au yenye ukungu au chungu mdomoni itupe, usimwonee huruma aliyekuuzia. Na yale ya unga wa kwenye boksi lenye picha ya mtoto mnene, usinunue picha, mwombe mtu wa kliniki akusomee ndani mna nini. Nimeona mengine ni sukari iliyovaa suti.

Soya inabaki soya. Nzito, ina kaharufu, inachosha mikono, majirani watacheka. Nimekufungia kilo za kutosha ndani ya lile debe la zamani, pamoja na kitambaa changu cha kuchujia. Najua ulisema nisikufungie. Nimefunga. Ukitaka kutupa, tupa Mang'ula, usitupe hapa mbele yangu. Na usisahau dagaa, usisahau yai. Miiba ya samaki inatolewa kwa vidole, mimi nilikutolea.

Sikukatazi kumpenda shangazi yako. Alikubeba kweli, alikuimbia kweli, na kama atakuja kukuomba radhi sitaki kuwapo nikimtazama. Labda amebadilika, ana wajukuu wake sasa. Labda alikwambia yale kwa sababu ameyasema kwa muda mrefu mpaka mwenyewe anayaamini. Wala sitaki ugombane naye kwa ajili yangu. Mkwe wako yuko kule, watu wa mumeo wako kule, na mwanamke anayeingia ugenini kwa ugomvi hapati hata wa kumwazima chumvi. Msalimie. Mwambie kaka yake ni mzima. Mpe debe, mpe maelekezo, mwambie kama nilivyomwambia mimi, kwa heshima zote.

Tena usimpeleleze. Usichungulie sufuria yake, usimwulize Deo, hajajua kusema. Usihesabu kilo zilizobaki kwenye debe, maana debe likipungua halikwambii nani amekula.

Lakini Tekla bado anafuga bata, uliniambia mwenyewe, tena ulisema ni wengi. Siku moja ukirudi kutoka kibaruani, kabla hujamsalimia mtu, simama nyuma ya nyumba yake, chukua lile debe ulitikise. Wakibaki huko kwenye matope wanatafuta minyoo yao, ingia ndani, mpigie shangazi yako magoti, na uje uniambie baba yako ni mzee mwenye kinyongo. Nitakubali, na nitakuja mwenyewe Mang'ula kumwomba radhi.

Wakija mbio, usiulize mtu. Mfunge Deo mgongoni, panda treni, rudi nyumbani.

Baba yako